Pakiti zangu za sheki zinaisha na niko Mbeya, nifanyeje?

SWALI: Habari mtaalamu. Mimi ni Mkenya, nyumbani ni Nakuru, lakini tangu Februari nafanya kazi ya uhasibu kwenye mradi wa kilimo hapa Uyole, Mbeya. Nina miaka 38, urefu wangu ni sentimita 163. Mwezi wa tatu nilikuwa na kilo 103, nikaanza kunywa sheki za kupunguza uzito, zile poda za kukoroga zinazochukua nafasi ya mlo, mara mbili kwa siku, asubuhi na mchana, na jioni nakula chakula cha kawaida. Sasa ni Julai na nina kilo 94. Shida ni kwamba nimebakiwa na pakiti 22 tu, na nimezunguka mjini sijaona za aina yangu. Kijana wa jimu pale Mwanjelwa anataka kuniuzia kopo kubwa la poda, na dada mmoja wa WhatsApp ana kahawa ya kupunguza mwili anayosema inafanya kazi ileile. Natumia dawa ya presha, kidonge kimoja kila asubuhi. Je, niagize kutoka nje, ninunue hizi za hapa, au niache kabisa? Tena mama yangu, ambaye ana sukari na anachoma insulini, anakuja kunitembelea mwishoni mwa Agosti na ameniambia nimwekee pakiti zake. Nimpe?

JIBU: Dada yangu, pakiti 22 ni nyingi kuliko unavyofikiri, kwa hiyo nianze nazo kabla hujampa mtu yeyote pesa yako. Kuanzia kesho tumia pakiti moja tu kwa siku, siku za kazi, na uinywe mchana. Ukihesabu Jumatatu hadi Ijumaa, una akiba ya wiki nne na siku mbili. Huo ni muda wa kutosha kutafuta nyingine kwa utulivu, au kugundua kwamba huzihitaji sana kama ulivyodhani.

Nasema mchana kwa sababu asubuhi uko jikoni kwako na mwiko umeushika mwenyewe. Saa saba mchana uko mikononi mwa mama ntilie, na mama ntilie wa Uyole ana moyo mkubwa: wali unapanda kwenye sahani kama mlima Loleza, mchuzi umeelea mafuta, na ukimwambia apunguze anakuuliza kama unaumwa. Chakula chake ni kizuri, lakini huwezi kukipima. Pakiti iwekwe kwenye mlo ule ambao huna uwezo wa kuuamua. Watu wengi hufanya kinyume, wanakunywa sheki asubuhi kwa sababu ni rahisi, halafu mchana wanajilipa.

Sasa tuzungumze kuhusu kilichomo ndani ya pakiti, maana ukikielewa hutauziwa kitu kingine kwa jina lake. Tume ya Codex, ambayo inaweka viwango vya chakula chini ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na Shirika la Afya Duniani, ilitoa mwaka 1991 kiwango cha vyakula vya aina hii. Kinywaji kinachochukua nafasi ya mlo mmoja kinatakiwa kuwa na kalori zisizopungua 200 na zisizozidi 400. Robo hadi nusu ya kalori hizo zitoke kwenye protini, na mafuta yasizidi asilimia 30. Juu ya hapo kiongezwe vitamini na madini. Hakuna dawa ya siri inayoyeyusha mafuta mle ndani. Ni mlo mdogo, wenye protini ya kutosha kukushikia tumbo na kulinda misuli, na kiasi chake kinajulikana hadi kalori ya mwisho.

Huko kujulikana ndiko kulikokupunguza kilo tisa. Mwanamke wa umri wako, urefu wako na uzito wako, anayekaa mezani na vitabu vya hesabu siku nzima, hutumia takriban kalori 2,200 kwa siku. Sheki mbili na mlo wa jioni wenye kiasi zilikuwa zinakupa labda 1,400. Pengo la kila siku mwili ulilijaza kwa akiba yake wenyewe, na ndiyo maana mizani ilishuka karibu nusu kilo kwa wiki. Ni mwendo mzuri. Usimsikilize atakayekuambia umechelewa.

Na si jambo la kubahatisha. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uitwao DiRECT, uliofanyika Uingereza kwa watu 306 wenye kisukari cha aina ya pili. Nusu yao waliacha chakula cha kawaida kwa miezi mitatu hadi mitano, wakaishi kwa sheki na supu za kalori kama 825 hadi 853 kwa siku, wakiwa chini ya uangalizi wa karibu. Baada ya mwaka mmoja asilimia 46 ya kundi hilo hawakuwa tena na kisukari wala hawakutumia dawa zake. Nakutajia huo kwa sababu mbili. Kwanza, ujue kwamba njia yako ina msingi. Pili, utazame kilichofuata: baada ya miezi hiyo, watafiti walirudisha chakula polepole kwa wiki mbili hadi nane. Hawakumaliza pakiti siku ya Ijumaa na kurudi kwenye chapati Jumamosi. Wewe ulikuwa unaelekea huko huko, na ndipo kilo zinaporudi zikiwa na ndugu zao.

Sasa kopo la Mwanjelwa. Mwombe kijana akuonyeshe maandishi ya nyuma, yale yenye jedwali, usiangalie picha ya mbele. Poda za jimu ziko za aina mbili kubwa na zinafanana sana kwa umbo. Ya kwanza ni ya kuongeza mwili, iliyotengenezwa kwa ajili ya vijana wembamba wanaotafuta kifua. Kipimo chake kimoja, kama kopo lenyewe linavyoelekeza, mara nyingi huvuka kalori 600, na zingine hupita 1,000. Nimewahi kumpokea mama mmoja kutoka Makambako aliyekunywa poda ya namna hiyo kwa wiki sita badala ya kifungua kinywa, kwa imani kabisa, akiruka hata mandazi. Aliongezeka kilo tano, na alikuja kwangu akilia akidhani mwili wake umerogwa. Mwili wake ulikuwa mzima. Aliuziwa kopo lisilo lake.

Aina ya pili ni protini tupu ya maziwa. Kipimo cha gramu 30 huwa na kalori kama 120 na protini gramu 20 na kidogo. Hiyo haina ubaya, ila si mlo. Haina nyuzinyuzi, haina mafuta ya maana, na mara nyingi haina vitamini. Ukiinywa peke yake saa moja asubuhi, saa nne utakuwa unanusa maandazi ya jirani. Inafaa kuchanganywa kwenye uji, na nitarudi hapo. Ila usishawishike kuishi kwa protini tupu. Miaka ya 1970 huko Marekani lilizuka wimbi la watu kupunguza uzito kwa protini ya kimiminika iliyotengenezwa kwa ngozi na gegedu za wanyama, protini duni isiyo na madini ya kutosha. Makumi ya watu walikufa, wengi kwa moyo kupoteza mapigo yake. Kiwango cha Codex kinachodai ubora wa protini na orodha ndefu ya madini hakikuandikwa kwa kujaza karatasi.

Nikufundishe hesabu moja ya kufanya dukani ukiwa umesimama. Tafuta gramu za protini kwa kipimo kimoja, zidisha kwa nne. Jibu lifikie angalau robo ya kalori zote za kipimo hicho. Mfano, pakiti ya kalori 220 inatakiwa iwe na protini gramu 14 au zaidi. Ikiwa na gramu 6, hiyo ni juisi ya unga. Na kwa kuwa uko Mbeya, kuna mtego mwingine. Makopo mengi ya Afrika Kusini huingia huku kupitia Zambia na Tunduma, na kule nishati huandikwa kwa kilojuli. Utaona 880 ukashtuka ukaliacha kopo zuri. Gawanya kwa 4.2, utapata kama kalori 210.

Angalia pia kama namba hizo ni za poda peke yake au za poda iliyochanganywa na maziwa. Watengenezaji wengi hudhani utatumia maziwa yaliyoondolewa mafuta, ambayo huku kwetu si rahisi kuyapata. Wewe utachukua maziwa ya jirani anayefuga, mazito, mazuri, yenye utando wa njano juu. Robo lita ya maziwa hayo huongeza kalori kama 155, karibu mara mbili ya yale yasiyo na mafuta. Mara mbili kwa siku, wiki baada ya wiki, inaweza kula theluthi ya jasho lako lote. Ukitaka kuyatumia, yachemshe jioni, yaache yapoe usiku kucha. Baridi ya Julai ya hapa itakufanyia kazi ya jokofu. Asubuhi toa utando wote wa juu. Hayatakuwa yamekwisha mafuta, lakini yatapungua. Au tumia maji yaliyochemshwa. Na kama sheki inakuharishia au kukujaza gesi, huenda ni sukari ya maziwa ambayo watu wazima wengi wa Afrika hawaimeng'enyi vizuri. Mtindi hauwasumbui sana kama maziwa.

Najua tatizo jingine ambalo hukulitaja lakini kila mtu aliyehamia Mbeya hunieleza: ni nani anywe kitu cha baridi mwezi wa saba? Tumia maji ya vuguvugu, yale unayoweza kuingiza kidole bila kukitoa haraka. Ukimimina yanayochemka, protini inaganda mabonge, na baadhi ya vitamini zinaharibika.

Kuhusu kahawa ya WhatsApp sina maneno mengi: usiinywe, hata kikombe kimoja, hata ya bure. Kwako ni hatari zaidi kuliko kwa mtu mwingine kwa sababu ya presha. Kahawa, chai na vidonge vya kupunguza mwili visivyo na mtengenezaji anayejulikana vimekutwa mara nyingi, nchi mbalimbali, vikiwa vimetiwa sibutramini bila kuandikwa. Hiyo ilikuwa dawa halali ya kukata hamu ya kula. Mwaka 2010 iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani baada ya utafiti mkubwa kuonyesha kwamba iliongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wagonjwa wa moyo. Inapandisha presha na mapigo ya moyo. Nyingine huwekwa majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Unashuka kilo mbili za maji, unapoteza potasiamu, mafuta yako yapo palepale. Dada anayekuuzia huenda hajui kabisa kilichomo, na simlaumu, lakini hawezi kukulinda.

Kwa chochote utakachonunua hapa nchini, kumbuka kwamba tangu Julai 2019 usajili wa vyakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Zamani ulikuwa kwa mamlaka ya chakula na dawa, na bado wauzaji wengi hutaja jina la zamani ili kukutuliza. Kopo la haki lina jina na anwani ya mtengenezaji, orodha ya viambato, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha. Pakiti nyeupe iliyoandikwa kwa kalamu, au poda iliyopimwa upya kwenye mfuko wa nailoni, iache mezani.

Kuagiza kutoka nje kunawezekana, ila piga hesabu kwanza. Kwa sheki mbili kila siku unahitaji 60 kwa mwezi. Pakiti moja ikiwa na gramu 40, huo ni mzigo wa kilo 2.4 kila mwezi, na kopo la milo 14 linakuishia kwa wiki moja. Ongeza usafiri na ushuru, kisha gawanya jumla kwa idadi ya milo ndipo ujue bei ya kweli ya glasi moja. Wengi wakifika hapo hunyamaza. Kwa sheki moja siku za kazi tu, hesabu inabadilika: 22 kwa mwezi, chini ya kilo moja. Hizo mama yako anaweza kukubebea mwishoni mwa Agosti kutoka Nakuru, zikiwa kwenye pakiti zake zilezile zilizofungwa. Chagua za unga, achana na chupa zilizo tayari, maana utakuwa unasafirisha maji. Njia nyingine ni duka kubwa la dawa la Dar es Salaam, nao wakutumie kwa basi kama tunavyotumiana kila kitu huku. Mwombe muuzaji akupigie picha ya tarehe ya kuisha kabla hujalipa.

Maduka ya dawa ya Mbeya na Iringa yana makopo ya maziwa ya lishe ya wagonjwa, na muuzaji anaweza kukupa kwa nia njema kabisa. Hayo yalitengenezwa kwa mtu asiyeweza kula, mzee aliyekonda au mgonjwa aliyetoka kwenye upasuaji, ili arudishe mwili. Mengi yana kalori 200 na zaidi kwa glasi, na protini haifiki robo. Fanya ile hesabu ya kuzidisha kwa nne, utaona mwenyewe.

Vivyo hivyo unga wa lishe. Hili naomba ulisikie vizuri kwa sababu ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi kuliko yote, hasa kwa akina mama wanaotaka kupungua kwa njia ya asili. Ule unga wa mchanganyiko wa mahindi, mchele, ngano, ulezi, karanga na soya, unaouzwa kwenye vifuko kila soko kuanzia Soweto ya hapa Mbeya hadi Mlandege kule Iringa, ulibuniwa kumnenepesha mtoto. Karanga zina kalori karibu 570 kwa gramu 100. Ukikoroga bakuli zito, ukatia sukari vijiko vitatu na siagi, umekunywa mlo wa mtu mzima na nusu, kisha unaongeza mkate.

Uji unaokufaa tuupike hivi. Chukua unga wa ulezi gramu 15, hiyo ni kijiko kimoja cha chakula kilichojaa vizuri na kidogo, na unga wa soya gramu 20, vijiko viwili na kitu. Nunua mizani ndogo ya jikoni kama unaweza, ni pesa iliyotumika vyema kuliko kopo lolote. Koroga kwa maji baridi, pika mpaka uive, ukiwa mwepesi wa kunyweka, kisha ongeza maziwa robo lita. Usitie sukari. Tia iliki au tangawizi, vyote vinapatikana sokoni. Kula na yai moja la kuchemsha. Kwa jumla umepata takriban kalori 365 na protini gramu 22, yaani kalori ziko ndani ya mipaka ile ya Codex na protini ni karibu robo yake, ingawa mafuta yanazidi ile asilimia 30, na ulezi unakupa kalsiamu kuliko nafaka zetu nyingine. Ukiwa na ile protini tupu ya jimu, kipimo kimoja kinaweza kuchukua nafasi ya soya na yai.

Soya lazima ishughulikiwe. Soya mbichi ina kemikali inayozuia mwili kumeng'enya protini, na ni moja ya sababu zinazowafanya watu waseme soya inawaumiza tumbo. Mbegu zitupwe kwenye maji yanayochemka kwa nusu saa, zitolewe maganda, zikaushwe, ndipo zisagwe. Ukinunua unga uliosagwa tayari, muulize mama anayeuza kama alizichemsha. Anayejua kazi yake atakujibu mara moja, hata atakueleza kwa dakika ngapi.

Nikiri mapungufu. Uji huu haukuongezewa vitamini kama pakiti yako. Kwa mlo mmoja kwa siku hilo halina neno, mradi mchana una sheki na jioni una chakula chenye rangi. Ila usijaribu kuishi kwa uji huu mara tatu kwa siku ukidhani umeiga ule utafiti wa Uingereza.

Jioni ndipo Nyanda za Juu Kusini zinapokupa raha. Upo katikati ya nchi ya maharage. Kituo cha utafiti cha hapo hapo Uyole kimetoa aina za maharage zinazolimwa na kuliwa mikoa mingi. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva, kama gramu 170, kina kalori kama 220 na protini gramu 15, na nyuzinyuzi ambazo hakuna kopo litakalokupa kwa wingi huo. Ile mnayoiita githeri kwenu, huku ni makande. Ya kawaida ni mahindi mengi na maharage ya kutafuta kwa tochi. Wewe geuza: vikombe viwili vya maharage kwa kimoja cha mahindi, kitunguu, nyanya, karoti, kijiko kimoja cha mafuta kwa sufuria nzima. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kalori 120, kwa hiyo usimimine kutoka kwenye kidumu. Weka mboga za majani nusu sahani: chainizi, mnavu, majani ya maboga. Dagaa wakavu gramu 20 tu, kiganja kidogo, wanakuongezea protini gramu 12 hivi. Kamulia limao, na chai uiache hadi saa moja baadaye, kwa sababu inazuia mwili kuchukua madini ya chuma kwenye maharage na mboga.

Ugali haujakatazwa. Ila ujue gramu 100 za unga mkavu ni kalori 360 hivi, na ugali wa mtu mzima wa huku kwa mlo mmoja huweza kuchukua unga gramu 150 hadi 200. Pima gramu 60 za unga kwa mlo wako, upike na wa wenzako, kisha ule sehemu yako bila kuongeza.

Na parachichi! Najua limekupendeza, Rungwe iko karibu na bei ni ya kucheka ukilinganisha na Nairobi. Ni tunda jema kwa moyo wako. Lakini parachichi kubwa la Tukuyu lenye nyama ya gramu 250 lina kalori 400, yaani karibu sheki mbili. Kula robo kwa siku, iliyobaki mpe mwenzako ofisini.

Jumamosi na Jumapili huna pakiti, na hapo ndipo hatari ilipo, kuliko hata Jumatatu. Mchana wa siku hizo kula mabaki ya makande ya jana yaleyale, kiasi kilekile. Usingoje njaa ikupeleke kwenye chipsi mayai. Sahani moja huvuka kalori 700 bila shida. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi ileile, mizani ileile. Ukiona kwa wiki tatu mfululizo mizani imeganda au imepanda, niandikie, na uniandikie na ulichokula kwa siku tatu bila kuficha kitu.

Presha yako nayo inahitaji mtu wa kuitazama mwezi huu huu. Umeshapoteza karibu asilimia 9 ya uzito uliokuwa nao, na kiasi hicho mara nyingi hushusha presha. Kidonge kilichopimwa kwa mwili wa kilo 103 kinaweza sasa kuwa kikali. Ukisimama ghafla ukaona kizunguzungu au giza machoni, hiyo ndiyo dalili. Usikiache kidonge mwenyewe na usikikate nusu kwa kisu. Pima presha duka la dawa asubuhi na jioni kwa siku saba, andika namba zote, uende nazo kwa daktari, hospitali ya rufaa au kituo chochote cha afya kilicho karibu nawe. Halmashauri zetu zina maafisa lishe. Umwone na yeye, huduma hiyo si ya wagonjwa wa utapiamlo peke yao. Na kama kuna uwezekano kwamba una mimba, sheki zisimame leo hadi upime.

Sasa mama. Hapana, usimpe pakiti hata moja. Anayechoma insulini hupiga kipimo kinacholingana na chakula alichozoea. Sahani yake ya kawaida ina wanga mwingi. Pakiti yako ina kidogo sana. Akinywa pakiti na kuchoma kipimo kilekile, sukari inashuka kwa kasi: jasho, kutetemeka, maneno kuchanganyika, na asipowahiwa, kuzimia. Hata utafiti wa DiRECT nilioutaja haukupokea watu wanaotumia insulini. Akitaka kweli kujaribu, aanze na daktari wake wa Nakuru kabla ya safari, apunguziwe insulini kwa maandishi, awe na kipimo chake cha sukari, na afanye akiwa nyumbani kwao, si akiwa mgeni kwako.

Safari yenyewe ya kutoka Nakuru hadi Mbeya ni ndefu, na chakula cha njiani hakina saa. Mwambie abebe insulini kwenye mkoba wa mkononi, isikae chini ya basi kwenye joto, na ile insulini ya mlo asiichome kabla hajaona chakula mbele yake. Akifika kwako mpikie kwa saa zake alizozoea, wewe unywe sheki yako ofisini asikokuona akatamani. Wiki yake ya kwanza weka karibu na kitanda chake glasi ya maji na sukari. Akitetemeka au kutoka jasho usiku, koroga vijiko vinne vya chai vya sukari anywe, subiri dakika 15, mpime tena, na kama bado iko chini mpe tena kabla ya kumpeleka hospitali. Akishindwa kumeza au akizimia, usimtie kitu mdomoni; mlaze kwa ubavu na mkimbizeni hospitali wakati huohuo.